Nasaha kwa Shule Inayotaka Kutangulia

Katika shule moja niliyoizuru zamani, ambayo sina haja ya kuitaja kwa jina, mwalimu mkuu alinichukua kwa heshima kubwa mpaka kwenye chumba kilichofungwa kwa kufuli mbili, akanifungulia, na ndani yake nikaona kompyuta 12 zimepangwa juu ya meza ndefu, kila moja imefunikwa kwa kitambaa cheupe kilichotariziwa pembeni, kama vifunikwavyo vyombo vya arusi. Nilipomwuliza wanafunzi huzitumia siku gani, alinijibu kwa unyofu kwamba walikuwa wakimngoja mtaalamu kutoka wilayani aje awaonyeshe, na kwamba mwaka wa pili ulikuwa unakaribia kwisha tangu walipoanza kumngoja. Tukaziwasha, nne hazikuwaka, na ya tano panya walikuwa wamekwisha kuzitafuna nyaya zake. Shule ile ilikuwa ya kwanza katika tarafa nzima kupata kompyuta, na watu wa vijiji vya jirani waliionea kijicho. Lakini siku ile niliondoka pale na yakini moja ambayo haijanitoka hata leo, nayo ni kwamba kuwahi kupata kitu na kuwahi kukijua ni mambo mawili mbalimbali, na kwamba shule ipatayo faida ni ile iliyowahi kujua.

Maneno haya nawaandikia walimu wakuu, wanakamati wa shule na wazazi ambao hivi sasa wanashauriana kama inafaa shule yao iingie katika matumizi ya vyombo vipya vya kufundishia, kama vile kompyuta, vishikwambi, projekta na hata simu za mkononi, au ingoje shule nyingine zitangulie mpaka mambo yawe wazi. Rai yangu ni kwamba inafaa itangulie. Ila sababu yangu si ile isemwayo na wauza vyombo, kwamba achelewaye ataachwa na dunia. Sababu yangu ni muhula. Shule inayoanza kabla haijalazimishwa na amri wala dharura hujipatia muhula wa kukosea: hukosea ingali na chombo kimoja, darasa moja na mwalimu mmoja au wawili, wakati ambapo kosa hugharimu kidogo na huweza kutengenezwa kwa juma moja, ilhali shule iliyongoja mpaka siku ya kulazimishwa haiepukani na makosa yale yale, bali huyafanya katika madarasa yote kwa mara moja, fedha zikiwa zimekwisha kutumika, na macho ya wazazi yakiwa yameikodolea. Wahenga waliotuusia kuuwahi udongo ungali maji walikuwa wakisema juu ya mkono wa mfinyanzi, ambao huweza kuharibu na kufinyanga tena maadamu udongo haujakauka.

Mfano mzuri kupita yote niujuao wa jambo hili haukutoka katika madarasa ya watoto, bali katika elimu ya watu wazima, nao ni wa hapa hapa kwetu. Mwaka 1973 Tanzania ilifanya kampeni ya Mtu ni Afya, ambamo watu wapatao milioni 2 walikusanyika vijijini na mijini katika makundi madogo madogo, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu, wakajadiliana juu ya malaria, vyoo na maji safi, kisha wakatoka kwenda kufanya kwa mikono yale waliyokubaliana. Wengi wanaoikumbuka kampeni ile huisifu redio, na kwa hakika redio inastahili sifa yake. Lakini redio haikuanza siku ile. Mwaka 1969 lilikuwa limefanywa jaribio dogo lililoitwa Kupanga ni Kuchagua. Mwaka 1970 likafuata la Uchaguzi ni Wako. Na mwaka 1971, taifa lilipotimiza miaka 10 ya uhuru, likaja la Wakati wa Furaha, lililowafikia watu kwa maelfu tu, si kwa mamilioni. Ulipowadia mwaka wa jambo kubwa, waongozaji wa makundi wapatao 75,000 walikuwa wamekwisha kufundishwa kazi yao kabla sauti ya kwanza haijatoka hewani. Mtu anayeuona mwaka 1973 peke yake huona muujiza wa chombo. Anayeitazama na miaka minne iliyoutangulia huona watu waliojipa nafasi ya kujifunza kwa kidogo, hata kubwa lilipokuja likawakuta wanajua kipi kitangulie na kipi kifuate.

Na miaka ya karibuni imetupa ushahidi mwingine, wenye uchungu zaidi. Mwezi wa Machi 2020 shule zilifungwa kwa ghafula kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Katika Tanzania wanafunzi walio wengi walikaa nyumbani mpaka tarehe 29 Juni, na katika Uganda madarasa hayakufunguliwa kwa wote mpaka mwezi wa Januari 2022. Namfahamu mwalimu mmoja wa hesabu ambaye, tangu miaka miwili kabla ya hapo, alikuwa na desturi ya kuwapelekea wazazi maswali mawili matatu kwa simu kila Ijumaa, jambo ambalo wenzake walilihesabu kuwa ni kujitafutia kazi bure. Shule zilipofungwa, mwalimu huyu alikuwa anajua mambo ambayo hakuna kitabu kingaliweza kumfundisha: kwamba katika nyumba nyingi simu ni moja na huondoka na baba asubuhi, kwa hiyo kazi ipelekwe saa moja ya usiku, kwamba picha ya ukurasa mzima hula bando la mzazi, kwa hiyo maswali yaandikwe kwa maneno, kwamba wako watoto saba ambao kwao hakuna simu kabisa, na kila mmoja lazima apatiwe jirani. Kazi yake haikusimama hata siku moja. Wenzake, ambao hawakumzidi ujinga wala kumpungukia bidii, walitumia majuma sita kuyagundua mambo yale yale, na majuma sita ni sehemu kubwa ya muhula wa masomo.

Lakini haifai niwashauri watu kutangulia bila kuwaonyesha ya wale waliotangulia wakaharibikiwa. Nchi ya Peru, katika Amerika ya Kusini, ilinunua kompyuta ndogo za watoto zaidi ya 800,000, ikazipeleka mpaka vijiji vya milimani, na wengi wakaipongeza kwa ushujaa wake. Lakini uchunguzi uliotolewa mwaka 2012 na benki ya maendeleo ya nchi za Amerika, uliofanywa katika shule zaidi ya 300, haukuona kwamba watoto waliopewa kompyuta waliwazidi wenzao katika hesabu wala katika kusoma. Wala si ajabu, kwa kuwa kilichofika kwa wingi kilikuwa chombo, na kilichofika kwa uchache yalikuwa mafunzo ya mwalimu atakayesimama mbele ya watoto hao kila siku. Peru iliwahi kununua. Nalisema jambo hili kwa mkazo kwa sababu kishawishi cha kila kamati ya shule, ikishapata mfadhili, ni kuanza na hesabu ya vyombo, na kuyaacha mambo mengine yote yajipange yenyewe.

Basi shule ianze wapi? Ianzie darasani, kwenye udhia ambao mwalimu huulalamikia kila mwaka, wala isianzie dukani. Mathalani, mwalimu wa baiolojia ana hadubini moja na wanafunzi 90. Anataka waone chembe hai za utando wa kitunguu, na kila mwaka kipindi humalizika watoto 20 wameangalia na 70 wamesimama kwenye mstari wakisukumana. Huyu akipewa projekta moja, akaegemeza kamera ya simu yake juu ya tundu la hadubini, na picha ikatupwa ukutani, darasa zima litaona kwa dakika moja kile ambacho hapo zamani hakikuonwa na wengi wao mpaka walipomaliza shule, na, lililo bora zaidi, mwalimu ataweza kunyosha fimbo yake pale penye kiini cha chembe na kuuliza swali ambalo kila mtoto analiona jambo linaloulizwa. Hapa chombo kimekuja kuondoa taabu iliyokuwapo. Shule ambayo haiwezi kuitaja taabu ambayo chombo kinakuja kuiondoa, nashauri isinunue kwanza, ikae mwezi mmoja iwasikilize walimu wake.

Ikishajulikana taabu, achaguliwe mwalimu. Na katika jambo hili nimeona shule nyingi zikiteleza, kwa kuwa humchagua mwenye cheo kikubwa, au kijana kupita wote kwa dhana kwamba vijana huzaliwa na maarifa ya vyombo hivi. Achaguliwe mwenye hamu, hata akiwa amebakiza miaka mitatu astaafu, na asichaguliwe peke yake. Wawe wawili, kwa sababu walimu wetu huhamishwa, na nimeona zaidi ya mara moja barua ya uhamisho ikiondoka na mradi mzima ndani ya begi la mtu mmoja. Hao wawili wapewe chombo wakae nacho nyumbani likizo nzima, wakitumie kwa mambo yao wenyewe, wapige picha, waandike barua, wasome habari, wakiharibu na kutengeneza bila ya jicho la mtu; maana hofu kubwa ya mwalimu, ambayo hataitamka mbele ya mkuu wake, ni hofu ya kuaibika mbele ya wanafunzi, na hofu hiyo haiondolewi na semina ya siku mbili hotelini. Ratiba nayo iwape nafasi, walau vipindi viwili kwa juma visivyo na darasa, vya kutayarisha masomo yao. Mkuu wa shule anayewaongezea walimu kazi hii juu ya mzigo wao wa kawaida, bila ya kuwapunguzia chochote, asistaajabu ikififia kabla mwaka haujaisha.

Katika Tanzania jambo hili limekuwa sahali kidogo kuliko ilivyokuwa, kwa kuwa vishikwambi vilivyotumika katika sensa ya watu ya mwezi wa Agosti 2022 viligawiwa walimu baada ya sensa kumalizika, na kwa hiyo wako walimu wengi ambao chombo tayari wanacho. Kilichobaki ni desturi ya kukutana. Walimu wa shule moja wakikubaliana kukutana kila Jumatano kwa nusu saa, mmoja wao awaonyeshe wenziwe jambo moja tu alilolifanya darasani juma lile, likiwa limefaulu au limeshindikana, kwa mwaka mmoja watakuwa wamefundishana mambo ambayo hayana mtihani wala cheti, nayo ndiyo hasa watakayohitaji.

Liwepo na daftari. Nalitaja peke yake kwa sababu nalihesabu kuwa na thamani kuliko projekta. Kila chombo kinapotumika, mwalimu aandike tarehe, darasa, alichotaka kufanya na kilichotokea: umeme ulikatika saa nne, kishikwambi cha tatu hakishiki chaji, watoto wa nyuma hawakuona kwa sababu ya mwanga wa dirisha, tukatundika khanga, wakaona. Shule inayolitunza daftari la namna hii kwa miaka miwili inamiliki kitu kisichouzwa popote, na siku afisa elimu, au mfadhili, au shule jirani itakapokuja kuuliza jambo hili laanzwaje, itakuwa na jibu lenye tarehe. Nimeona pia kwamba wenye kuleta majaribio mapya hupendelea kuyapeleka mahali palipo na watu waliokwisha kuzoea, na kwa njia hiyo hatua ndogo ya kwanza huvuta ya pili.

Sasa nije kwenye umeme na vumbi, mambo ambayo wenye kuandika vitabu vya ilimu hii katika nchi za baridi hawana haja ya kuyawaza. Katika gharama za mwaka wa kwanza, kamati isitumie fedha yote kununua. Iweke kando walau robo yake kwa ajili ya betri, nyaya, matengenezo na nauli ya fundi, na fedha hiyo iandikwe katika kumbukumbu za kikao ili isiguswe kwa karamu ya mahafali. Penye sola, anayeitunza afundishwe kwamba betri za asidi zikiachwa zishuke chini ya nusu kila siku hufa kabla ya wakati wake, na kwamba ni heri kuzima taa za ofisi saa moja mapema kuliko kununua betri mpya kila mwaka. Kishikwambi kisiachwe kwenye jua wala kwenye dirisha la bati, maana betri yake huvimba. Kwa shule za pwani naongeza hadhari moja: hewa ya chumvi hula vyuma vya ndani ya chombo kama ilavyo misumari ya jahazi, kwa hiyo vyombo vikae ndani ya kabati lenye mlango unaofunga barabara, na vitumike mara kwa mara, kwa kuwa chombo kinachopata moto wa kuwashwa hukauka unyevu wake, na kile kilichofunikwa kwa kitambaa cha kutarizi huoza taratibu bila mtu kujua.

Juu ya intaneti sitasema mengi. Ikiwapo, ni neema; isipokuwapo, isiwe udhuru. Iko programu iitwayo Kolibri, itolewayo bure na shirika la Learning Equality, ambayo hujazwa masomo mahali penye mtandao, kisha ikawekwa katika kompyuta moja ndogo, na hiyo ikavihudumia vishikwambi vya darasa zima pasipo intaneti yoyote. Mwalimu anayekwenda mjini kuchukua mshahara huweza kurudi na masomo ya muhula mzima mfukoni.

Lugha ni jambo zito zaidi. Kati ya mwisho wa 2017 na 2019, katika vijiji vya mbali vya Mkoa wa Tanga vipatavyo 170, watoto wapatao 3,000, ambao wengi wao hawakuwa wamepata kuingia shule, walipewa vishikwambi vyenye masomo ya kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, katika shindano la Global Learning XPRIZE. Katika vijiji hivyo pakawekwa mitambo ya sola ya kuchajia. Kabla ya hapo, watoto zaidi ya tisa katika kila kumi hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza ilikuwa imepungua kwa nusu. Mwaka 2019 tuzo ya dola milioni 10 iligawanywa baina ya washindi wawili, onebillion na Kitkit School, na programu za washindani wote watano waliofika mwisho zikaachwa wazi, azitumie atakaye. Nasema kwa furaha isiyofichika kwamba lugha yetu ndiyo iliyobeba jaribio lile. Mtoto aliyepewa neno "kikombe" alilijua kabla hajaliona limeandikwa, na kazi iliyombakia ilikuwa ya herufi tu. Shule ya msingi inayochagua masomo ya kompyuta na iyachague kwa kipimo hiki kwanza, wala isidanganywe na picha nzuri zenye maneno ya lugha ambayo mtoto hajaisikia nyumbani kwao.

Darasani penyewe kuna mambo mawili ambayo anayeanza mapema huyaona na kuyatengeneza, na anayeanza kwa pupa hupitwa nayo. La kwanza, kompyuta moja ikikaliwa na watoto watano, mkono ulioshika kibodi aghalabu utakuwa wa mvulana mmoja, na wasichana watakuwa watazamaji. Zamu ziwekwe kwa saa, na mwenye zamu ya kushika asiwe yule mwenye zamu ya kusema, ili mikono na fikra zote zitumike. La pili ni watoto wenye upungufu wa macho au masikio, ambao katika darasa la watu 90 huhesabiwa kuwa wazito wa kufahamu. Nilimwona binti mmoja aliyekuwa wa mwisho darasani kwa miaka mitatu akipewa kishikwambi, herufi zake zikakuzwa mara nne, akaanza kusoma kwa sauti bila kukwama; mwalimu wake aliketi akashika tama, maana siku ile ndipo alipojua kwamba mtoto yule hakupata kuuona ubao.

Wazazi waitwe mwanzoni kabisa, kabla chombo hakijafika, waelezwe kitatumika kwa somo gani, saa ngapi, na nani atakayekitunza. Wengi wao wana khofu ya haki kwamba simu na vishikwambi vitawafunza watoto wao mambo yasiyo ya adabu, na khofu hiyo haijibiwi kwa kuambiwa kwamba dunia imebadilika. Hujibiwa kwa kuonyeshwa sharti zilizoandikwa, na kwa kualikwa kukaa nyuma ya darasa siku yoyote wapendayo. Mzazi aliyekaa nyuma ya darasa mara moja akamwona mwanawe akihesabu, ndiye atakayesimama kuitetea fedha ya betri katika kikao cha mwaka utakaofuata.

Na shule iwe na uhodari wa kuacha. Ikipita mihula miwili, walimu wakalinganisha mazoezi ya watoto na wakaona kwamba somo fulani halikupata kheri yoyote kwa chombo kile, basi somo hilo lirudi kwenye chaki na kitabu pasipo haya, na chombo kipelekwe kwingine. Uswidi, nchi iliyowatangulia wengi katika kuingiza kompyuta mashuleni, mwaka 2023 ilianza kutoa fedha za serikali ili vitabu virejeshwe mikononi mwa watoto, na wako walioona kuwa huko ni kushindwa. Mimi naona wamepata kile nilichokiita muhula: wametumia miaka mingi wakajua chombo kinafaa wapi na hakifai wapi, na sisi tunaweza kuipokea habari hiyo bila ya kuilipia, ikiwa tuna walimu ambao wamekwisha kujaribu kiasi cha kuifahamu.

Lililobaki ni dogo, lakini katika shule ile ya kufuli mbili ndilo lililoharibu mengine yote. Kabati la vyombo liwe na funguo mbili zilizo sawa. Mmoja akae nao mwalimu mkuu, na wa pili akae nao mwalimu mwenye kipindi, tangu asubuhi mpaka kengele ya mwisho, bila ya kuomba ruhusa.